Studio Ndogo ya Memphis na Hesabu Zake

Mtu aanzaye kazi kwa mtaji mdogo hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: anunue nini kwanza, na nini akiache hata siku nyingine. Swali hili ni zito zaidi katika kazi ya kunasa sauti, maana vyombo vyake ni ghali, na kila baada ya miaka michache hutokea vingine vinavyosifiwa kuwa bora kuliko vya kwanza. Tajiri hana haja ya kulijibu, kwa kuwa aweza kununua vyote. Mtu wa mali haba hana budi kuchagua, na uchaguzi wake huonyesha ni kitu gani anachokithamini. Habari za studio iliyofunguliwa na Sam Phillips mjini Memphis, katika jimbo la Tennessee, Marekani, mwezi wa Januari 1950, ni mfano mwema wa jambo hilo. Habari hizo zimesimuliwa mara nyingi, na aghalabu husimuliwa kama hadithi ya umaskini ulioshindwa na akili. Hadithi hiyo ni kweli kwa nusu. Uhaba wa vyombo ulishindwa. Uhaba wa fedha za kuendeshea kazi haukushindwa, na hasara yake haikumwangukia mwenye studio peke yake.

Phillips alizaliwa mwaka 1923 karibu na mji wa Florence, katika jimbo la Alabama, akiwa mtoto wa mwisho katika watoto 8 wa mkulima aliyelima ardhi isiyo yake. Alikua akifanya kazi shambani pamoja na watu weusi na weupe, akazisikia nyimbo za shambani na za kanisani tangu utoto. Baba yake alipofariki, kijana huyo aliacha shule ili apate kuitunza nyumba. Akaingia katika kazi ya redio, kwanza Muscle Shoals, kisha Nashville, na mwaka 1945 akafika Memphis kufanya kazi katika stesheni ya WREC. Huko alitangaza, akasimamia mitambo, na miongoni mwa kazi zake ilikuwamo ile ya kurusha hewani muziki wa bendi kubwa zilizopiga katika Hoteli ya Peabody. Kazi hiyo ilimfunza mahali pa kuweka maikrofoni ili kila ala isikike kwa kiasi chake. Ilimfunza pia kuchoka, kwa sababu wapigaji wale walikuwa hodari, lakini walipiga yale yale yaliyoandikwa katika karatasi usiku hata usiku.

Mji wa Memphis wa siku zile ulikuwa soko kuu la pamba kando ya mto Mississippi. Sheria na desturi za ubaguzi ziliwatenga watu weusi na weupe katika shule, hospitali, mabasi na majumba ya sinema. Hata hivyo, wanamuziki weusi waliotoka katika mashamba ya pamba ya Mississippi walikuwa wakimiminika mjini, hasa katika mtaa wa Beale, wakiwa na magitaa yao na nyimbo zao za bluzi. Kufikia mwaka 1949 stesheni ya WDIA, ambayo wenyewe walikuwa weupe, ilikuwa imegeuza vipindi vyake vyote viwe vya wasikilizaji weusi, ikafanikiwa sana katika biashara. Kwa hiyo waimbaji walikuwapo, na wasikilizaji walikuwapo. Kilichokosekana ni chumba ambamo mwimbaji asiye na jina wala fedha angeweza kuingia, akasikilizwa kwa heshima, na sauti yake ikatiwa katika santuri. Kukijenga chumba hicho ndilo kusudi la Phillips.

Alikodi duka dogo katika nambari 706 ya barabara ya Union, kwa dola 150 kwa mwezi. Chumba chenyewe cha kunasia sauti kilikuwa na upana wa futi 18 hivi na urefu upatao futi 30, nacho kilitengwa na chumba cha mitambo kwa ukuta wenye dirisha la kioo. Mbele palikuwa na nafasi finyu ya kupokea wageni, na ilipojaa, mkahawa wa jirani ulitumika kama ofisi. Marekebisho ya chumba hayakupewa wajenzi wa gharama kubwa. Phillips aliyafanya mwenyewe, akisaidiwa na Marion Keisker, mtangazaji mwenziwe wa WREC, ambaye baadaye alishika kazi zote za ofisi. Walizibandika kuta na dari kwa vigae vyepesi vya kunyonya sauti, na dari yenyewe ikapewa mikunjo badala ya kuachwa bapa. Maana yake ni hii: sauti igongayo ubao au ukuta bapa hurudi kwa nguvu kama mpira, na zikirudi sauti nyingi pamoja huvuruga ile ya kwanza. Mikunjo huzitawanya. Hivyo fedha ya awali ilitumika kwanza katika chumba, kabla ya kutumika katika mashine. Na katika uamuzi huo ilikuwamo hekima, kwa kuwa mashine mbovu yaweza kubadilishwa mwaka ujao, lakini chumba kibaya huharibu kazi ya kila mashine itakayoingizwa ndani yake.

Vyombo vyenyewe vilikuwa vichache, navyo vilikuwa kama vile vilivyotumiwa na stesheni ndogo za redio. Palikuwa na meza ya kuchanganyia sauti ya kampuni ya Presto, yenye njia 4 za maikrofoni na njia ya 5 ya kupitishia santuri. Palikuwa na mashine ya kuchonga santuri, ambayo sindano yake huchimba mfereji wa sauti juu ya sahani laini wakati ule ule mwimbaji anapoimba. Kazi ya namna hiyo haina msamaha: mpigaji akikosea katika dakika ya mwisho, sahani nzima hutupwa, na bei yake hupotea. Baadaye kidogo ikapatikana mashine ya kunasia sauti katika utepe wa sumaku. Utepe ulileta nafuu kubwa kwa mtu wa mali haba, kwa maana waweza kufutwa na kutumiwa tena. Mwimbaji mgeni aliweza kurudia wimbo mara 10 au 20 hata woga ukamtoka, bila ya kila kosa kuhesabiwa kwa dola. Lakini nyimbo zote katika siku hizo zilinaswa kwa mkondo mmoja tu wa sauti. Hapakuwa na njia ya kumnasa mpigaji mmoja leo na mwingine kesho, kisha kuwaunganisha. Wote hawana budi kupiga pamoja, na usawa wa sauti zao ulitengenezwa kwa kuwasogeza karibu na maikrofoni au mbali nayo. Katika kazi hiyo sikio la fundi lilikuwa chombo kikubwa kuliko vyote.

Kwa kuwa bluzi haikuweza kulipa kodi ya nyumba, studio ilitangaza kwamba itanasa kitu chochote, mahali popote, wakati wowote. Ilinasa arusi, mazishi, hotuba na sherehe za shule. Mtu yeyote wa njiani aliweza kuingia, akalipa dola 4 hivi, akatoka na santuri yenye sauti yake. Mchana Phillips alikuwa WREC, na jioni alikuwa katika studio, hata mwaka 1951 akalazwa hospitali kwa kuchoka mwili na akili. Kazini baadhi ya wenziwe walimdhihaki kwa kushinda pamoja na watu weusi. Mwaka ule ule aliiacha kazi ya redio yenye mshahara wa hakika, akabaki na chumba chake.

Matunda ya kwanza yalikuwa yameanza kuonekana. Mwezi wa Machi 1951 bendi ya kijana Ike Turner ilifika kutoka Clarksdale, Mississippi. Kipaza sauti cha mpiga gitaa, Willie Kizart, kilikuwa kimeharibika safarini. Wengine husema kilianguka kutoka juu ya gari, wengine husema kilinyeshewa na mvua. Koni yake ilichanika, na kila mlio ukatoka kwa mkwaruzo. Katika studio kubwa kazi ingalisimama mpaka kipatikane kingine. Hapo hapakuwa na kingine. Phillips alikijaza karatasi ili kuizuia koni isitikisike ovyo, akausikiliza mlio uliotoka, akaona kwamba ulifanana na saksofoni yenye hasira. Badala ya kuuficha chini ya ala nyingine, akauweka mbele. Wimbo huo, “Rocket 88”, uliimbwa na Jackie Brenston, ukatolewa na kampuni ya Chess ya Chicago, na katika mwezi wa Juni ukawa wa kwanza katika orodha ya muziki wa watu weusi. Wanahistoria wengi huuhesabu miongoni mwa nyimbo zilizoanzisha muziki wa rock and roll. Si kwamba kipaza sauti kibovu ni bora kuliko kizima. Fundi aliyelazimika kukisikiliza aligundua uzuri ambao fundi mwenye vipaza sauti 5 asingekuwa na sababu ya kuutafuta.

Mfano wa pili ni mwangwi. Kampuni kubwa zilikuwa na vyumba maalumu vya mwangwi: sauti hupelekwa kwa spika katika chumba kitupu chenye kuta ngumu, kisha hunaswa tena kwa maikrofoni ikiwa imeongezewa upana. Duka la barabara ya Union halikuwa na nafasi ya chumba kama hicho. Mwaka 1954 Phillips aliweka mashine mbili za utepe za Ampex 350, akatafuta mwangwi ndani ya mashine zenyewe. Katika mashine ya namna hiyo kichwa kinachoandika sauti juu ya utepe na kichwa kinachoisoma haviko mahali pamoja. Utepe huchukua muda kidogo kutoka hapa kwenda pale. Ukienda kwa mwendo wa inchi 15 kwa sekunde, na nafasi baina ya vichwa ikiwa inchi 2, sauti itachelewa kwa sehemu kama ya saba au ya nane ya sekunde. Alichofanya Phillips ni kuipeleka sauti katika mashine ya pili, akairudisha ikiwa imechelewa, akaichanganya na ile ya kwanza. Matokeo yake ni sauti inayofuatwa na kivuli chake. Bendi ya watu 3 ikasikika kana kwamba ni ya watu wengi zaidi, na chumba kidogo kikasikika kama ukumbi.

Kivuli hicho kilikuwa na kazi maalumu, maana waimbaji wenyewe walikuwa wachache na vyombo vyao vichache. Julai 1954 Elvis Presley, dereva wa lori mwenye umri wa miaka 19, aliimba “That’s All Right”, wimbo wa mwanamuziki mweusi Arthur Crudup, akisaidiwa na Scotty Moore kwa gitaa na Bill Black kwa besi. Mpiga ngoma hakuwapo. Black aliupiga ubao wa besi yake hata ukatoa mlio wa ngoma. Johnny Cash naye alipokuja mwaka 1955 hakuwa na mpiga ngoma. Alipitisha karatasi baina ya nyuzi za gitaa lake, na kila alipozikwaruza zikalia kama ngoma ndogo. Mlio huo wasikika katika “I Walk the Line” ya mwaka 1956. Mwezi wa Januari wa mwaka huo, kampuni ya RCA ilipomnasa Presley mjini Nashville, mafundi wake walijaribu kuupata mwangwi wa Memphis, wakautafuta katika ujia wa jengo. Walikuwa na vyombo vingi na fedha nyingi. Mwangwi walioupata ulikuwa mzuri, lakini haukuwa ule.

Hiyo ndiyo nusu ya hadithi inayopendeza kusimuliwa. Nusu ya pili imo katika daftari la hesabu. Mwaka 1952 Phillips alianzisha kampuni yake ya santuri, Sun, ili asiuze tena kazi zake kwa wakubwa wa mbali. Kutoa santuri ni kazi ya namna nyingine kabisa na kunasa sauti. Kiwanda cha kuchapa santuri hutaka fedha mapema. Wasambazaji hulipa baada ya miezi, na zisizouzwa huzirudisha. Basi jambo la ajabu hutokea: kampuni ndogo huweza kuuawa na ushindi wake. Wimbo usiopendwa hupoteza fedha kidogo, lakini wimbo unaopendwa na nchi nzima hudai maelfu ya santuri zilipiwe leo, ilhali mapato yake hayatafika mpaka msimu mwingine. Juu ya hayo, mwaka 1953 Sun ilishtakiwa kwa sababu ya “Bear Cat” ya Rufus Thomas, iliyotumia muziki wa wimbo “Hound Dog”, ikalazimika kulipa. Kadiri Presley alivyopendwa, ndivyo madeni yalivyozidi. Mwezi wa Novemba 1955 Phillips aliuza mkataba wa kijana huyo kwa RCA kwa dola 35,000, pamoja na dola 5,000 ambazo Presley mwenyewe alikuwa akidai. Kwa bei za wakati ule ilikuwa fedha nyingi kwa mwimbaji wa aina yake, nayo iliiokoa kampuni. Mwanzoni mwa mwaka 1956 “Blue Suede Shoes” ya Carl Perkins iliuzwa nchi nzima, na safari hii Sun iliweza kuichapa.

Lakini yapasa kuuliza ni nani waliogharimia wokovu huo. Studio ilijengwa kwa ajili ya watu wa Beale na wa mashamba ya pamba. Howlin’ Wolf alinasa huko mwaka 1951, na Phillips alisema katika maisha yake yote kwamba huyo ndiye mwanamuziki mkuu aliyepata kumgundua. B. B. King alinasa huko. Mwaka 1953 Prisonaires, wafungwa wa gereza la jimbo mjini Nashville, waliletwa chini ya ulinzi wakaimba. Kampuni za Chicago na za magharibi zilikuwa na uwezo wa kulipa waimbaji kama hao na kuwasambaza, nazo ziliwachukua. Howlin’ Wolf alihamia Chicago. Baada ya mwaka 1954 Phillips aliona kwamba vijana weupe wenye kuimba kwa namna ya weusi waliuzwa katika maduka na redio ambazo weusi wenyewe walifungiwa, akazitia nguvu zake zote huko. Mlango wa barabara ya Union haukufungwa kwa tangazo lolote. Ulipungua upana mwezi kwa mwezi, kwa sababu za hesabu. Rufus Thomas, aliyeipa Sun wimbo wake wa kwanza uliopendwa, alilalamika hadharani miaka mingi baadaye kwamba alipokuja Presley waimbaji weusi waliachwa. Phillips aweza kutetewa kwa kusema kwamba ubaguzi wa soko haukuwa wake. Utetezi huo una haki, lakini haumrudishii Thomas miaka yake.

Thomas alipata mlango mwingine, nao pia ulikuwa wa watu wa mali haba. Jim Stewart na dada yake, Estelle Axton, walianza kunasa muziki katika miaka ya mwisho ya 1950; Axton aliiweka nyumba yake rehani ili wanunue mashine ya Ampex. Mwaka 1960 walikodi jumba la sinema lililoachwa, katika barabara ya McLemore, mtaa ambao weusi walikuwa wakihamia. Viti vilipoondolewa, sakafu ya mteremko ilibaki kama ilivyokuwa, kwa kuwa hapakuwa na fedha za kuisawazisha, na mteremko huo ukaupa muziki wao mlio usiofanana na mwingine. Mahali palipouzwa peremende palifanywa duka la santuri. Duka hilo lilikuwa na thamani kupita mashine nyingi, maana liliingiza fedha taslimu kila siku, tena liliwaonyesha wenye studio vijana wa mtaa wanapenda nini. Miongoni mwa nyimbo za mwanzo zilizonaswa humo mwaka 1960 ulikuwa wa Rufus Thomas na binti yake Carla. Hiyo ndiyo kampuni iliyopata kujulikana kwa jina la Stax. Nayo haikuangushwa na sakafu wala mashine. Mwaka 1968 iligundua kwamba mkataba uliotiwa saini bila kusomwa vyema umeipa kampuni ya Atlantic haki ya kazi zake za zamani, na mwishoni mwa mwaka 1975 ikafilisika.

Mwaka 1960 Phillips naye alihamia studio mpya katika barabara ya Madison, kubwa na yenye vyombo vya kisasa. Cash na Perkins walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda kampuni ya Columbia, na studio hiyo haikuzaa sifa iliyolingana na ya duka la zamani. Mwaka 1969 aliiuza kampuni ya Sun. Alifariki mwaka 2003, na mwaka huo huo duka la barabara ya Union, lililokuwa limefunguliwa tena kwa wageni na wanamuziki tangu 1987, likatangazwa na serikali kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa.

Wanaokitembelea chumba hicho huonyeshwa maikrofoni na vigae vya dari, na hustaajabu kwamba vitu vichache hivyo vilitosha. Kwa hakika vilitosha kwa kazi ya kunasa sauti. Upungufu wa vyombo huweza kujazwa na maarifa, subira na karatasi iliyokunjwa. Upungufu wa fedha za kungojea haujazwi na maarifa. Hujazwa kwa kuuza kitu, na mara nyingi kinachouzwa kwanza ni lile kusudi lililoifanya kazi ianzishwe. Mwenye kupanga gharama za studio ndogo huandika bei ya mashine, bei ya utepe na kodi ya nyumba. Historia ya Memphis yaonyesha kwamba hapana budi aandike pia gharama ya kuuacha mlango wazi katika mwaka wa pili na wa tatu, wakati ambapo wale waliokusudiwa kuingia bado hawajaleta faida.